Nina shahada ya sayansi lakini sina nambari ya TSC: nani atanisaidia kulipa karo ya PGDE?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Nilihitimu mwaka 2022 na shahada ya sayansi, hisabati na kemia. Ninafundisha shule moja ya kibinafsi karibu na Mumias kwa mshahara wa Sh12,000, lakini sina nambari ya TSC (Tume ya Huduma za Walimu) kwa sababu sikusomea ualimu. Mkuu wa shule amenipa mwaka mmoja na nusu nijipange. Nimeulizia karo ya PGDE, ile stashahada ya ualimu kwa wenye shahada nyingine, nikaambiwa Sh120,000, mbali na gharama za TP, yaani mazoezi ya kufundisha. Nimesoma kwamba Marekani huwapa wanaosomea ualimu dola 4,000 kwa mwaka. Je, kuna ufadhili kama huo ambao mtu kama mimi anaweza kupata? Pia nina deni la HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ambalo sijaanza kulipa, na sijui kama niache kazi nikasome. Msomaji, Mumias.

JIBU: Dada yangu, nitaanza na lililo gumu ili usipoteze muda. Pesa kubwa za serikali yetu kwa elimu ya juu zimepangiwa shahada ya kwanza. Mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023, ule unaogawa msaada na mkopo kwa kuangalia hali ya familia, uliwekwa kwa ajili ya wanaopangiwa vyuo na KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo, baada ya mtihani wa KCSE. Wewe umeshapita hapo. Anayerudi chuoni kusomea Stashahada ya Uzamili katika Elimu, hiyo PGDE, huhesabiwa kuwa mtu anayejilipia. Ukingoja mfadhili mmoja akulipie kila kitu, mwaka na nusu aliokupa mkuu wako utaisha nawe uko pale pale. Lakini Sh120,000 zinaweza kupatikana kwa vipande, na nimewaona wengi hapa magharibi wakizipata hivyo. Wanaokwama, mara nyingi wamekimbilia pesa kabla ya kuhakikisha kwamba kozi yenyewe itawafikisha kwenye usajili.

Basi tuanze na usajili. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya mwaka 2012 inakataza mtu kufundisha bila kusajiliwa, awe shule ya umma au ya kibinafsi. Mkuu wako anapokuhimiza, anajikinga yeye na anakukinga wewe pia. Kwa mwalimu wa sekondari ambaye hakusoma Shahada ya Elimu, TSC hutaka vitu vitatu vikutane: KCSE ya C+ kwa jumla na C+ katika masomo mawili atakayofundisha, shahada iliyobeba masomo hayo mawili, kisha PGDE. Hukuniambia ulipata nini katika KCSE, na hilo ndilo jambo la kwanza la kuangalia leo jioni. Kama kemia ulipata C, usilipe hata shilingi ya fomu ya chuo kabla ya kuzungumza na ofisi ya TSC.

Jambo la pili ni transkripti. Zitoe zote za miaka minne, chukua kalamu mbili za rangi tofauti, upige mstari chini ya kila yuniti ya hisabati kwa rangi moja na kila yuniti ya kemia kwa rangi nyingine. Usiende na jina la shahada peke yake. Nimeketi na vijana wenye shahada nzuri kabisa za sayansi ambao tulipofanya zoezi hili tuligundua kwamba somo moja limejaa kurasa zote, na lile la pili liliishia mwaka wa kwanza. Kwenye cheti chake mtu kama huyo anaonekana ana masomo mawili, ilhali kwenye transkripti ana moja na kipande. Ukishapiga mistari, peleka nakala kwa ofisi ya TSC ya kaunti pale Kakamega na uulize waziwazi: kwa transkripti hizi na matokeo haya ya KCSE, nikimaliza PGDE nitasajiliwa kwa hisabati na kemia? Uliza swali hilohilo katika kitivo cha elimu cha chuo unachokitaka. Majibu hayo mawili yakikubaliana, hapo ndipo unaweza kuanza kutafuta pesa.

Kuhusu chuo, nina maoni makali kidogo. Wengi hukimbilia Nairobi kwa sababu ya jina. Kwa mtu anayeishi Mumias na kulipwa Sh12,000, hilo ni kosa la hesabu. Masinde Muliro iko Kakamega, safari ya matatu tu kutoka kwako. Maseno, ambayo ilichipuka kutoka Chuo cha Ualimu cha Siriba na imelea walimu kwa muda mrefu, iko kwenye barabara ya Kisumu–Busia. Ukienda upande wa Nakuru kuna Egerton. Chuo ambacho unaweza kukisomea ukilala kwenu kinakupunguzia kodi ya nyumba, chakula na nauli ya kwenda na kurudi nyumbani, na huo ni msaada ambao hakuna kamati itakayokupimia. TSC itaangalia kwamba chuo kinatambuliwa na kozi imeidhinishwa. Ukubwa wa mji hauna alama kwenye fomu yao.

Uliza pia kama wana PGDE ya wakati wa likizo, ile ambayo wanafunzi husoma shule zinapofungwa Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Hili ndilo jibu langu kwa swali lako la mwisho: usiache kazi, kama mpango huo upo. Mpango wa likizo unakuachia mshahara, unaigawa karo katika awamu, na unamfanya mkuu wa shule awe mshirika wako badala ya mtu unayemuaga. Kabla hujajiandikisha, uliza kozi itakamilika lini hasa na TP itaangukia muhula gani, kisha ulinganishe na mwaka na nusu uliopewa. Ukiona itapita kwa muhula mmoja, zungumza na mkuu sasa, ukiwa na ratiba ya chuo mkononi.

Sasa tuje kwenye pesa zenyewe. Mlango wa kwanza ningebisha uko hapo hapo unapofanya kazi. Shule yako inahitaji mwalimu wa hisabati na kemia, masomo ambayo walimu wake wamekuwa adimu kwa miaka mingi. Tangu Januari 2026 kuna Gredi ya 10, na wanafunzi wa mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) wanahitaji mtu wa kuwafundisha kemia. Shule nyingi za kibinafsi na za makanisa hazina mfuko wa basari, lakini zinaweza kukubali mapatano: shule ilipe sehemu ya karo moja kwa moja chuoni, nawe ukae kwao kwa muda mliokubaliana baada ya kusajiliwa. Usiende kuomba kwa mdomo koridoni. Andika barua ya ukurasa mmoja, ambatisha barua ya kukubaliwa na karatasi ya karo, utaje kiasi unachoomba na muda utakaokaa. Kuomba jumla ya Sh40,000 zilipwe kwa awamu tatu ni rahisi kukubalika kuliko kuomba Sh120,000 kwa mkupuo, kwa sababu shule yenyewe hupokea karo kwa mihula.

Mkishaandikiana mkataba, usome mwenyewe mstari kwa mstari. Utafute jibu la maswali haya: ukiondoka mapema utarudisha pesa zote au zile za muda uliobaki tu? Shule ikifungwa, au ikikosa kukulipa mshahara, bado umefungwa nao? Na TSC ikikuajiri kabla ya muda kuisha, itakuwaje? Kisha kuna jambo moja ambalo nakusihi usilikubali hata ukibembelezwa vipi: usiache vyeti vyako halisi mikononi mwa mwajiri kama rehani. Mpe nakala zilizothibitishwa. Nimeshuhudia walimu wazuri wakikosa usaili kwa sababu cheti cha KCSE kilikuwa kwenye kabati la mtu ambaye simu yake haipatikani.

Mlango wa pili ni basari ya eneobunge, NG-CDF. Hapa nataka nikukalishe kidogo ndani ya chumba cha kamati, kwa sababu nimekaa humo. Mezani kuna rundo la fomu. Nyingi ni za watoto wa sekondari ambao wamerudishwa nyumbani kwa karo. Karani anasoma jina, chuo, kozi, hali ya familia. Anafika kwako: ana shahada tayari, anafanya kazi. Mjumbe mmoja anasema, "Huyu ameshamaliza chuo, apewe mwingine." Fomu inawekwa kando na hakuna anayeirudia. Hawakufanya hivyo kwa ubaya. Hakuna aliyewaambia PGDE ni nini.

Dawa yake ni barua fupi iliyobanwa juu ya fomu, kwa Kiswahili au Kiingereza chepesi, inayosema kitu kama hiki: "Nina shahada ya hisabati na kemia lakini sheria hainiruhusu kusajiliwa kuwa mwalimu bila PGDE. Nimekubaliwa chuoni. Karo ni Sh120,000. Shule ninayofundisha itachangia Sh40,000 na mimi natafuta Sh60,000. Naiomba kamati inisaidie katika Sh20,000 zilizobaki." Sentensi tano. Mjumbe anaona wewe mwenyewe umeshaanza, anaona wengine wamekuamini, na anaona pengo ambalo kamati inaweza kulipunguza. Ambatisha barua ya chifu, nakala ya kitambulisho, barua ya kukubaliwa na karatasi ya karo yenye nambari ya akaunti ya chuo, maana hundi huandikwa kwa jina la chuo. Uliza ofisini tarehe ya mwisho ya kurudisha fomu na kama waliohitimu hukubaliwa. Usitarajie makubwa, kwa kawaida ni maelfu machache. Kwenye hesabu zako, ihesabu kuwa nyongeza.

Basari ya kaunti iombe pia, lakini usiitegemee. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeipa serikali ya kitaifa kazi ya elimu ya vyuo vikuu, na kaunti zikabaki na chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Ndiyo maana kila mara huzuka mvutano kuhusu kama kaunti inaruhusiwa kulipia wanafunzi wa chuo kikuu, na fedha hukwama watu wakisubiri. Kanisa lako, kama lina mfuko wa elimu, ni mahali pengine pa kuuliza. Huku kwetu makanisa ndiyo yaliyoanzisha shule nyingi na bado ni wadhamini wake, kwa hiyo hoja ya mwalimu wa sayansi wanaielewa upesi kuliko ofisi nyingi.

Zile Sh60,000 zako mwenyewe, ningezitafuta kwenye sacco kabla ya kufikiria mikopo ya simu. Sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, kwa hiyo utahitaji akiba ya Sh20,000 na wadhamini. Kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, mkopo wa Sh60,000 wa miezi 24 unakuja karibu Sh2,800 kwa mwezi. Kwa mshahara wako hiyo ni karibu robo. Itauma, sitakuficha. Anza kuweka akiba sasa, hata kama utajiunga na chuo mwaka ujao, kwa sababu akiba hiyo ndiyo itakayoamua ukubwa wa mkopo. Mikopo ya simu itakumaliza: muda wake ni mfupi, na mwanafunzi wa TP hana kipato cha kuikimbiza kila mwezi.

TP nayo isikushtue baadaye. Ni muhula mzima, na karo haigusi gharama zake: nauli, kanda na karatasi za vifaa vya kufundishia, kuchapisha mipango ya masomo, nguo za heshima za kutosha wiki. Nimezoea kukagua wanafunzi wa TP na ninamjua aliyekosa nauli kwa kumtazama tu, anaingia darasani kipindi cha pili akiwa tayari amechoka. Omba chuo kikupangie shule iliyo karibu na kwenu. Uliza mapema kama wanaweza kukubali shule unayofundisha, mradi imesajiliwa na ina mwalimu aliyesajiliwa wa kukuongoza katika masomo yako. Wengine hukubali, wengine hukataa kwa sababu zinazoeleweka. Weka kando angalau pesa za mwezi mmoja wa matumizi kabla ya TP kuanza.

Deni la HELB sasa, maana hili linanitia wasiwasi kuliko karo. Mkopo wa shahada ya kwanza huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Riba hiyo ni nafuu. Kinachoumiza ni faini ya Sh5,000 kwa kila mwezi usiolipa. Ulihitimu 2022, kwa hiyo muda wa neema umekwisha. Ingia kwenye akaunti yako ya HELB leo uone umefika wapi. Kisha waandikie, uwaeleze mshahara wako na kiasi unachoweza kulipa, na uanze kulipa kidogo wakati mnazungumza. Mara kwa mara HELB imewahi kutangaza msamaha wa faini kwa wanaolipa deni lote kwa pamoja. Tangazo kama hilo likitoka na una jamaa wa kukukopesha, ni nafasi nzuri. Waulize katika barua hiyohiyo kama mikopo yao ya wanaoendelea na masomo inaigusa PGDE mwaka huu. Hata jibu likiwa hapana, utakuwa umerekebisha jina lako, na waajiri wengi hutaka cheti cha HELB kinachoonyesha kwamba hudaiwi au unalipa vizuri.

Nije kwenye zile dola 4,000. Ulichosoma ni cha kweli, ila hakikuhusu. Kinaitwa TEACH Grant, ni cha serikali ya Marekani, na hupewa raia wa huko na wakazi wa kudumu. Kuna pia mpango wa Robert Noyce, ulioanzishwa 2002, unaowalipia wanafunzi wa sayansi na hisabati wanaotaka kuwa walimu. Nao umefungwa vivyo hivyo. Hata hivyo masharti ya TEACH Grant yanakufaa kuyajua, kwa sababu yanafanana na mkataba ninaokushauri uandikiane na shule yako. Anayepokea TEACH Grant anaahidi kufundisha miaka minne, ndani ya miaka minane baada ya kumaliza, somo lenye uhaba wa walimu katika shule ya watoto wa familia zenye kipato kidogo. Asipotimiza, pesa zote hugeuka mkopo, na riba huhesabiwa tangu siku alipozipokea. Wapo walimu wa huko waliojikuta na deni kwa sababu ya fomu ya mwaka ambayo haikufika kwa wakati.

Ufadhili unaomhusu Mkenya, kama Chevening na Commonwealth, unalipia hasa shahada za uzamili na uzamifu. Chevening hulipia mwaka mmoja wa uzamili Uingereza, hutaka saa 2,800 za kazi baada ya shahada ya kwanza, na hukutaka urudi nyumbani angalau miaka miwili. PGDE hailipiwi humo. Najua kishawishi kilichopo: kuruka PGDE na kwenda moja kwa moja kusoma uzamili wa elimu nje. Kwa anayetaka nambari ya TSC, hiyo ni njia ndefu, kwa sababu ukirudi bado utaulizwa mafunzo yako ya ualimu ni yapi, na shahada ya nje lazima kwanza itambuliwe rasmi hapa nchini. Pata PGDE, fundisha miaka miwili mitatu, kisha uombe uzamili ukiwa mwalimu aliyesajiliwa. Maombi yako yatakuwa na uzito zaidi.

Katika safari hii utakutana na matapeli. Atatokea mtu kwenye kundi la WhatsApp akikuambia ana "nafasi" ya ufadhili, utume Sh3,000 za kuandaa faili. Chevening na Commonwealth hawalipishi maombi, na kamati ya basari haina ada. Mwingine atadai anaweza kukupatia nambari ya TSC bila PGDE. Huyo anauza kosa la jinai, na jina litakaloandikwa kwenye jalada ni lako.

Sitaki pia ufikiri kwamba ukisajiliwa TSC itakupigia simu wiki hiyo hiyo. Walimu waliosajiliwa na hawana ajira ya serikali ni wengi mno nchini. Walimu vibarua wa sekondari msingi walianzia kwa posho ya Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na wengi wao walikaa hapo muda mrefu kuliko walivyoahidiwa. Lakini kwa masomo yako, nambari ya TSC itabadilisha mazungumzo yako na mwajiri yeyote, wa umma au wa kibinafsi. Unapoandikiana mkataba na mkuu wako, weka humo kwamba siku utakapoleta cheti cha usajili mshahara utapanda, na mtaje kiasi. Akisita kuandika kiasi, utajua mapema thamani anayokupa.

Wiki hii fanya matatu: transkripti na kalamu zako, akaunti ya HELB, na safari ya Kakamega kwenye ofisi ya TSC na kitivo cha elimu siku moja. Barua ya mkuu iandike ukishapata majibu hayo. Na ombi la cheti cha tabia njema kutoka kwa DCI, idara ya upelelezi, liache kwa sasa. TSC watakitaka wakati wa usajili, na ukikichukua leo huenda kikaonekana cha zamani kabla hujamaliza TP.